Nakala moja tu

Naam, nilipotea kidogo. Nilikuwa nyumbani Kisegi, upande wa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Barabara ile ile, vumbi lile lile. Nilidhani sina jipya la kuona.

Jioni nilimsaidia nyanya kuanua omena. Akawa anapima kwa gorogoro, akihesabu kwa sauti ya chini. Nikatega sikio. Si Kijaluo!

"Nyanya, hiyo ni lugha gani?"

Akacheka. "Kisuba, mjukuu wangu. Mama alihesabu hivi. Nyinyi hamkuuliza."

Jamani! Kwamba Wasuba wengi walihamia Kijaluo zamani, hilo nilikuwa nimelisoma. Sikujua kwamba lugha yenyewe ingali jikoni kwetu.

Na mimi ndiye ninayewahubiria wateja kila siku: wekeni nakala, diski hufa bila kuaga. Hii je? Nakala ni moja, ina miaka zaidi ya 80, na macho yake yamechoka.

Nikatoa simu, nikaanza kurekodi. Tulifika kumi, omena zikaisha. Desemba narudi, tuanzie kumi na moja.