Waya wa Breki Hauonekani

Mzee mmoja wa Tanga, tarishi mstaafu, alionyeshwa na dada yake picha ya mpwa wake aliye tarishi New York: kijana anacheka, begi kubwa mgongoni, baiskeli ubavuni. Mzee akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka usukani ukajaa kioo. Akautafuta waya wa breki. Hakuuona. Usiku ule akaomba kalamu na karatasi, maana ujumbe wa sauti, kwa maoni yake, vijana husikiliza nusu.

Salamu ni fupi: bibi hajambo ila goti, mdogo wa mwisho kafaulu darasa la saba. Kisha: "Mjomba, ni kweli hiyo baiskeli haina breki?"

Inawezekana. Matarishi wengi wa New York wamependa baiskeli isiyo na friwili: gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, na mwendo hupunguzwa kwa kukaza miguu. Ni nyepesi, haina vingi vya kuharibika, ingawa sheria inadai breki. Haraka yao nayo ina sababu. Anayelipwa kwa mzigo, kila taa nyekundu inamla. Haraka hiyo iliwahi kuzua ugomvi: mwaka 1987 Meya Ed Koch alitaka kuzipiga marufuku baiskeli kwenye barabara za Fifth, Park na Madison, kati ya mtaa wa 31 na wa 59, saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni siku za kazi. Matarishi waliandamana juu ya baiskeli zao, na mahakama ikaibatilisha amri ile.

Mwaka huohuo mzee alikuwa akikanyaga Phoenix nyeusi Dar es Salaam, kitabu cha dispachi kwenye keria. Mtaa wa Samora, teksi imeegeshwa, mlango ukafunguka ghafla. Akabana breki zote mbili, ndipo badala ya kichwa mlango ukapokea goti. Bahasha zilitawanyika hadi mtaroni. Alipofika ofisini akichechemea, suruali imechanika, bosi aliuliza kwanza bahasha, na mwisho wa mwezi bei ya rimu ya gurudumu ikakatwa kwenye mshahara. Rimu hiyo imepewa mistari tisa ya barua, na mpwa ameshaisikia tangu utotoni. Miaka 14 kazini, mzee anaongeza, hakuna bahasha yake iliyokosa saini.

Kinachomtia hofu zaidi ni upande. Mlango wa Samora ulimjia kutoka kushoto. New York magari hupita kulia na dereva hukaa kushoto, kwa hiyo mlango wa dereva utamjia kijana kutoka kulia. Na pale njia ya baiskeli inapopita kushoto mwa barabara, humjia wa abiria. Macho ya mtoto wa Tanga yatalinda upande usio wake, na bila breki atafanya nini?

Mengine yamepita haraka. Akipewa baiskeli ya umeme, asiichaji karibu na mlango wa chumba anacholala: moto wa betri za lithiamu uliua watu 18 jijini humo mwaka 2023. Akihamia kupeleka chakula kwa programu za simu, ambako Desemba 2023 kima cha chini cha jiji kilianza kwa dola 17.96 kwa saa, aandike saa zake mwenyewe, kwa daftari.

Ukurasa wa mwisho unarudi kwenye usukani. Mzee hataki maelezo. Anataka picha nyingine, imepigwa kutoka juu, mikono yote miwili imeshika breki, na asiazime baiskeli ya mwenzake.