SEHEMU YA 4: VILE VIDONGE VYA VITAMINI E TUNAVYOTOBOA NA KUPAKA

Wengi mmeniuliza: "Nesi, nikitoboa kidonge cha vitamini E nikapaka, ngozi itapendeza?" Leo nawajibu, ila kwanza niwape kisa changu.

Mwanangu wa pili nilimzaa kwa operesheni. Mshono ulipopona nikaanza kutoboa vile vidonge laini vya rangi ya dhahabu, napaka kwenye kovu kila usiku. Hakuna daktari aliyeniandikia. Shoga yangu aliniambia, nikaamini, unesi wangu nikauweka pembeni. Baada ya siku chache pakaanza kuwasha. Nikasema dawa hiyo inafanya kazi, nikaongeza! Wiki ya pili kovu lilikuwa jekundu, limejaa vipele vya maji. Mtoto akinigusa tumbo wakati wa kunyonya naruka. Daktari alitazama mara moja tu, akauliza, "Umepaka nini?" Jamani, niliona aibu.

Ulikuwa mzio. Na siko peke yangu. Mwaka 1999 Marekani walichapisha utafiti mdogo wa wagonjwa 15 waliofanyiwa upasuaji wa ngozi. Kila kovu liligawanywa: nusu likapakwa mafuta ya kawaida, nusu mafuta hayohayo yaliyochanganywa na vitamini E. Kwa walio wengi vitamini E haikusaidia kitu, au kovu lilizidi kuwa baya. Theluthi moja hivi walipata mzio kama mimi.

Msinielewe vibaya. Ngozi inaihitaji vitamini E. Inalinda mafuta yaliyomo kwenye kuta za seli zetu yasiharibiwe, kwa mfano na jua kali. Lakini mlango wake mkuu ni mdomo, na simaanishi vidonge. Mtu mzima anahitaji miligramu 15 kwa siku, mama anayenyonyesha 19. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti kina zaidi ya 5. Ongeza karanga kiganja kimoja, kipande cha parachichi, na mchicha. Vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mboga ikiungwa kwa karanga au mafuta kidogo, mwili unaipokea vizuri zaidi.

Vidonge vya kumeza usijianzishie mwenyewe, hasa ukiwa mjamzito au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Dozi kubwa inaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu.

Na mtoto mchanga usimpake. Juzi mama mmoja alileta mtoto wa miezi mitano, mashavu mekundu, yanatoa majimaji. Alikuwa anatoboa kidonge kila jioni, na kadiri ngozi ilivyochafuka ndivyo alivyozidi kupaka. Akalia: "Nilitaka tu apendeze." Sikumgombeza. Nilimwonyesha kovu langu, tukacheka kidogo, kisha daktari akampa matibabu.

Mtoto wako ngozi ikiwa kavu, mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe taratibu, mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Ukiona wekundu, majimaji au usaha, acha kila unachopaka, mlete kituoni. Njoo na hilo kopo au kidonge mkononi. Hatutakucheka.

Sehemu ya 5 tutaongelea harara za joto. Mkaushieni watoto shingo, tutaonana.