Mbuzi wangu alivyoliwa Maganzo

Msomaji wangu, mimi ni mtoto wa Kishapu lakini roho yangu iko Msimbazi. Mambo hayo mawili hayakuwahi kugombana mpaka Jumatano ya Oktoba 30, 2019, Mnyama alipotua Shinyanga kucheza na Mwadui FC.

Nilikuwa nimefikia kwa mjomba pale Maganzo, kamji ka vumbi kando ya barabara ya Mwanza, jirani na mgodi wa Mwadui. Mzee alichapa kazi mgodini mpaka akastaafu. Ukimpa nafasi atakusimulia habari za Williamson, yule Mkanada aliyeugundua mgodi mwaka 1940, utadhani walikula ugali sahani moja. Atakueleza na ile almasi ya waridi iliyotoka hapo, aliyozawadiwa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947.

"Ila mjomba," akaniambia jioni moja, "katika zote hizo hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Timu ndiyo yangu."

Nikacheka. Simba alikuwa hajafungwa ligini msimu ule, hao Mwadui wangeanzia wapi?

"Una mbuzi?" akauliza.

Ninaye.

"Basi mlete."

Mechi haikuwa kule kwenye uwanja wa mgodi, ilipigwa mjini, Kambarage. Haisi tuliyopanda ilijaa mpaka konda akabaki anang'inia mlangoni. Cha ajabu, abiria wengi, watu wa Kishapu kabisa, walikuwa wamevaa nyekundu! Mjomba alikaa kona na mfuko wake wa michembe, anatafuna taratibu kama mtu aliyeonyeshwa matokeo ndotoni. Nilimwonea huruma, kwa kweli.

Uwanjani jua la Shinyanga halikuwa na utani. Nikanunua karanga, nikajipanga kushangilia. Basi bwana, kipindi cha kwanza hakijaisha, Gerald Mathias Mdamu akaitikisa nyavu ya Simba. Karanga zikanikwama. Mjomba hakuruka wala kupiga kelele. Alisimama, akavua kofia, akaishika kifuani kidogo, akakaa.

Kipindi cha pili niliangalia saa kuliko mpira. Filimbi ya mwisho ikalia, Mwadui moja, Simba bila.

Vituko vilianza wakati wa kurudi. Vijana wawili tuliokwenda nao wamevaa nyekundu walikuwa wamezigeuza fulana ndani nje, wanaapa kwamba wao ni Mwadui tangu tumboni mwa mama zao! Nami nilitamani kugeuza yangu, nisiseme uongo. Mjomba akaniangalia tu.

"Usihangaike, mjomba. Mbuzi nitamla hata ukibaki Simba."

Na kweli alimla, na majirani, na mimi nikapewa shingo.

Mnyama alichukua ubingwa msimu uleule, kwa hiyo kwa upande huo sikuumia sana. Mwadui ilishuka daraja mwaka 2021. Mwaka huohuo, Mdamu akiwa Polisi Tanzania, basi la timu lilipata ajali na akavunjika miguu. Habari zilipotangazwa simu yangu ikaita, mjomba kutoka Maganzo, sauti imemkauka.

"Mjomba, umesikia? Yule kijana wetu..."

Hakumalizia. Tukabaki kimya wote wawili, salio lake linakwisha.