Dwarka, Mji wa Krishna Kando ya Bahari

Katika maduka mengi ya Wahindi, tangu Mombasa hata Kisumu, huonekana ukutani picha ya kijana wa rangi ya buluu aliyeshika filimbi. Huyo ndiye Krishna, na mji unaosimuliwa kuwa ulikuwa makao ya enzi yake ni Dwarka, katika ncha ya magharibi ya rasi ya Kathiawar, jimbo la Gujarat. Ni mmoja wa miji minne mitakatifu ambayo Mhindu mcha Mungu hutamani kuizuru kabla ya kufa. Mingine ni Badrinath kaskazini, Puri mashariki na Rameswaram kusini. Tena pwani hiyo ya Gujarat ndiyo ambayo mababu wa wengi wa wenye maduka hayo walipandia majahazi, wakaletwa na kaskazi hata Lamu, Mombasa na Unguja.

Safari ya namna hii haifanywi kwa pupa. Mathalani, mtu ampelekaye mama yake mzee, baada ya kuweka akiba miaka mingi, aweza kuvuka bahari nzima akafika mbele ya hekalu akakuta milango imefungwa. Hekalu kubwa la Dwarkadhish hufunguliwa alfajiri, hufungwa yapata saa 7 mchana, na halifunguliwi tena hata saa 11 jioni. Madereva wa magari ya kukodi hupenda kuwaleta wageni kwa siku moja tu na kuondoka nao, na aghalabu huwafikisha saa zile zile za mchana. Afadhali msafiri alale Dwarka siku mbili, aingie hekaluni mapema asubuhi kabla ya msongamano, na mchana autumie kwa mambo mengine.

Jengo lenyewe ni la mawe, lina orofa 5 na nguzo 72, na sehemu kubwa ya lililopo leo ni ya karne ya 15 na 16. Lina mlango wa kaskazini na mlango wa kusini, na nje ya ule wa kusini ngazi 56 huteremka hata mto Gomti. Ngazi hizo si jambo dogo kwa miguu ya mzee. Heri apumzike penye kivuli, na wenye nguvu wateremke kumtazamia mto ukiingia baharini, maji yakijaa na kupwa kama katika hori za Lamu. Simu na kamera haziruhusiwi ndani. Juu ya mnara hupepea bendera ya kitambaa cha yadi 52, yenye picha ya jua na mwezi, nayo hubadilishwa mara kadhaa kila siku. Jamaa wanaoitoa huja nayo kwa ngoma na nyimbo, na mtu hukwea mnara kuifunga huku umati ukimtazama kwa shingo zilizokunjwa. Hilo lisikose kuonekana.

Masimulizi husema kwamba Krishna alipoiaga dunia mji wake ulizama. Tangu miaka ya 1980 wapiga mbizi wa elimu ya kale wamekuta chini ya maji karibu na hapo mawe yaliyochongwa na nanga nyingi za mawe. Wataalamu hawajapatana juu ya umri wa vitu hivyo, lakini nanga zaonyesha wazi kwamba vyombo vilitia bandari pale zamani.

Kilometa 2 hivi nje ya mji liko hekalu dogo la Rukmini, mke wa Krishna. Wasimulia kwamba mume na mke walikuwa wakimvuta mtawa Durvasa katika gari lake, Rukmini akashikwa na kiu, Krishna akapiga ardhi kwa kidole cha mguu, maji yakabubujika. Rukmini akanywa bila kumkaribisha mgeni kwanza, naye mtawa akamlaani akae mbali na mumewe. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya heshima hahitaji kuelezwa kosa lilikuwa wapi. Hata leo wazuru hutoa hapo sadaka ya maji matamu.

Siku ya pili yatosha kwa Nageshwar, hekalu la Shiva lenye sanamu kubwa, na kwa kisiwa cha Bet Dwarka. Zamani watu walisongamana katika mashua za Okha. Tangu Februari 2024 liko daraja la kilometa 2.32.

Majira yaliyo mazuri ni Novemba hata Februari. Sikukuu ya kuzaliwa Krishna huangukia Agosti au Septemba, wakati wa mvua, na nyumba za wageni hujaa kabisa. Treni ya Mumbai iendayo Okha hupita Dwarka. Kiwanja cha ndege cha Jamnagar ki umbali wa kilometa 130 hivi. Vyakula ni vya mboga na nafaka, na pombe imepigwa marufuku karibu katika jimbo zima.

Mwenye siku za ziada afuate njia ya pwani kwenda kusini. Yapata kilometa 100 ni Porbandar, alikozaliwa Gandhi tarehe 2 Oktoba 1869. Kando ya nyumba hiyo lipo jengo la ukumbusho lililokamilika mwaka 1950, kwa fedha za Nanji Kalidas Mehta, yule aliyetajirika kwa mashamba ya miwa ya Lugazi, Uganda. Urefu wake ni futi 79, moja kwa kila mwaka wa maisha ya Gandhi, kwa hesabu ya kwao. Mbele zaidi ni Somnath, hekalu lililobomolewa na Mahmud wa Ghazni mwaka 1026 na kufunguliwa upya mwaka 1951. Huko asiye Mhindu hutakiwa kuomba ruhusa kwa wasimamizi kabla ya kuingia.

Si mbali na Somnath ni msitu wa Gir, wenye simba wa Asia, ambao hawapatikani porini nje ya jimbo la Gujarat. Msitu hufungwa tangu 16 Juni hata 15 Oktoba, basi ajaye kwa sikukuu ya Krishna haingii msituni humo. Hata hivyo kijiji cha Jambur ki wazi mwaka mzima. Wakaao humo ni Wasidi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari karne nyingi zilizopita. Husema Kigujarati, na mchezo wao wa kucheza kwa magoma huuita goma.