Mwaka Uliokatwa Chuoni

Mwalimu aliyenifundisha kusoma hakuwa amekanyaga chuo. Alimaliza darasa la saba hapohapo kijijini, akachukuliwa na mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, ule ambao wengi bado tunauita UPE. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wa Tanzania wawe shuleni ifikapo 1977, na kwa kasi hiyo vyuo visingefua dafu. Basi vijana wakasomea ualimu wakiwa kazini, kwa posta na kwa redio, mkufunzi akipita mara mojamoja.

Mimi nilisomea ualimu wa Daraja la IIIA mwishoni mwa miaka ya 1980. Miaka miwili, bila pupa. Tuliandika ubaoni mpaka mwandiko ukanyooka. Mkufunzi alisimama nyuma kabisa ya darasa, asipouona vizuri unafuta. Vifuniko vya soda vilikuwa zana za kuhesabia, magunia yakawa chati. Siasa ilikuwepo, na shamba pia. Saikolojia ya elimu tuliikariri tu. Lakini andalio la somo, hapo hapakuwa na mchezo. Jirani yangu wa dawati aliandika lengo kwamba mwanafunzi “aelewe kutoa”. Mkufunzi akalirudisha: utajuaje kaelewa? Andika atakachofanya ukamwona anakifanya. Sijasikia somo la ualimu lililo fupi na zito kuliko hilo.

Ada ilipofutwa 2001, watoto wakafurika. Mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, na kozi ya ualimu ikagawanywa: mwaka mmoja chuoni, mmoja shuleni chini ya mwalimu mlezi. Kwenye karatasi ilipendeza. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu, na wanachuo walipofika waligawiwa vipindi kamili wiki ileile, kwa kuwa walimu hawakutosha. Mlezi mwenyewe darasa limemfurika, angemlea nani? Mitaani wanachuo hao wakabandikwa majina ya kejeli, jambo lililoniudhi sana. Kwani wao ndio waliojikatia kozi? Urefu wa kozi ya ualimu wa msingi, kwa niliyoyaona, umepimwa kwa wingi wa watoto waliosubiri mlangoni, si kwa anachohitaji mwalimu.

Sasa mpwa wangu amechukua stashahada ya ualimu. Andalio lake lina kujenga maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri. Mambo ya umahiri yaliyokuja na mtaala wa 2005. Kufundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, anakujua kuliko sisi tulivyotoka chuoni, hilo namkubalia. Ila mifano yote aliyofundishwa ni ya darasa la watoto 45, na kwenye mazoezi ya kufundisha alikabidhiwa darasa la pili lenye zaidi ya mara mbili ya hao. Akanipigia simu jioni: “Mjomba, madaftari yote haya nayasahihisha saa ngapi?” Nikamwambia asahihishe safu moja papo hapo wakiwa wanaandika, nyingine kesho, na wanaojua kusoma awakabidhi wenzao. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza hiyo iko kwenye moduli ya ngapi.