Mpeni Simu Mgonjwa Mwenyewe



Usiku mmoja wa masika, baada ya swala ya Isha, sisi wanawake wa nyumba moja tulikuwa tumemzunguka mkwe wetu, mjamzito wa miezi minane. Kijiji chetu kipo upande wa barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi. Mumewe alikuwa safarini. Kichwa kilimuuma tangu alasiri, nasi tulimkanda, tukamsomea dua, tukasema ni uchovu.

Kijana wa nyumbani ndiye aliyepiga 115, namba isiyolipiwa ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, ulioanza kuenezwa nchini mwaka 2022. Bibi wa nyumba akaichukua simu.

Muuguzi alimwamkia, kisha akauliza. Maumivu yalianza lini? Anatokwa na damu? Uso au mikono imevimba? Mtoto anacheza? Kwa kila swali bibi alijibu, “Hajambo, mwanangu, ni kichwa tu.” Hakukusudia kudanganya. Alikuwa akisitiri, kama tulivyolelewa kusitiri mambo ya nyumbani.

Muuguzi hakubishana naye. Alisema, “Nimekusikia, bibi. Naomba sasa nizungumze na mama mwenyewe.”

Mkwe wetu akanong’ona mambo tusiyoyajua. Tangu alasiri macho yake yalikuwa na ukungu, alikuwa akiona vimulimuli, na chini ya mbavu palimuuma sana. Hakutaka kutusumbua.

Muuguzi hakutaja jina la ugonjwa. Alitwambia tumlaze kwa ubavu wa kushoto, tusimwache peke yake, na kwamba gari linakuja. Akauliza alama ya kumwongoza dereva, tukamtajia msikiti. Katika kituo cha afya presha yake ilikutwa juu mno, na usiku uleule akapelekwa hospitali, kwani alikuwa hatarini kupata kifafa cha mimba. Alhamdulillah, mama na mtoto wako hai.

Baadaye ndipo tulipoifahamu kazi ya yule muuguzi. Aliye kwenye simu haoni uso uliovimba, wala hawezi kupima presha. Ana masikio na maswali tu. Hatafuti jina la maradhi. Anatafuta kujua kama mgonjwa anaweza kungoja asubuhi, au hawezi kungoja hata saa moja. Jibu moja lisilo la kweli, hata likitoka katika huruma, laweza kuipotosha hukumu yote.

Dua yetu haikuwa kosa. Kosa letu ni kwamba tangu alasiri hadi Isha hakuna aliyemuuliza mgonjwa, “Unahisi nini kingine?” Tulimsemea. Haya ni pambo la Muislamu, lakini si haya kumficha mganga jambo ambalo kwalo roho yaweza kupotea. Na tawakkul yetu haikamiliki mpaka tuwe tumezishika sababu alizotujaalia Mola wetu.

Ndugu zetu, mkipiga simu kama ile, semeni mimba ina miezi mingapi, dalili zilianza lini na zimezidi vipi, kisha mpeni simu mgonjwa mwenyewe, akiwa na nguvu ya kusema. Waume nao wasione vibaya wake zao kujibu maswali ya muuguzi.

Namba 115 sasa tumeiandika ukutani, juu ya mtungi wa maji. Bibi ndiye aliyeagiza iandikwe.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu na watoto wao. Amin.