Kamera umenunua, lenzi je?

Nimerudi mjini. Nilikuwa kimya kidogo kwa sababu nilikuwa shamba, na nimerudi na habari ya vioo.

Kila anayejua kwamba nashika kamera kazini huniuliza swali moja: "Ninunue kamera gani?" Nimeulizwa kwenye daladala, nimeulizwa kwenye foleni ya benki, nimeulizwa hata msibani. Lakini mtu wa kuniuliza anunue lenzi gani sikumbuki kama nimewahi kumpata, mpaka mwezi uliopita. Na aliyeuliza hakuwa mtoto wa mjini, alikuwa binamu yangu wa Misima.

Kwa msomaji asiyepajua, Misima ni kata ya wilaya ya Handeni, mkoani Tanga. Ni nchi ya Wazigua, nchi ya mahindi na vumbi jekundu. Nilikuwa na kazi ya siku mbili Korogwe, nikaona ni dhambi kurudi Dar bila kwenda kumsalimia bibi. Nikafika, nikapewa kiti, kabla hata sijanywa maji binamu akaja na begi lake. Mtoto wa mjomba huyu ni mkulima, na msimu usipokuwa wa shamba anaendesha bodaboda. Mwaka huu baada ya kuuza mahindi amenunua Canon 600D ya mtumba pale Kariakoo, pamoja na lenzi yake ndogo ya 18-55. Kamera hiyo ilitoka mwaka 2011, kwa hiyo si mpya, lakini kwa kazi anayoitaka inatosha kabisa.

Kazi yenyewe ni ndoa. Ameshachukua kianzio cha ndoa mbili. Mkononi amebakiwa na laki nne, na hiyo laki nne ndiyo pia pembejeo ya msimu unaokuja kama mambo ya picha yakigoma. Sasa mnaona uzito wa swali.

"Kaka," akaniambia, "kuna jamaa wa Kariakoo ananiuzia hii." Akanionyesha picha kwenye simu: lenzi ndefu nyeusi, 75-300. "Inavuta mpaka mia tatu. Halafu ni kubwa, nikiingia nayo kwenye shughuli watu watajua mpiga picha kaja."

Msimcheke. Hoja ya pili ina ukweli wake. Kwenye shughuli zetu mwenye kamera kubwa ndiye anayepishwa njia na ndiye anayewekewa pilau. Lakini hoja ya kwanza, ya kuvuta, ndiyo inayowaponza vijana wengi wanaoanza, kwa hiyo nikamwambia tukae chini kwanza.

Tuanze na sensa. Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ndogo kuliko fremu ya filamu ile ya zamani, iliyokuwa milimita 36 kwa 24. Ya hii Canon ni kama 22 kwa 15. Lenzi ni ile ile, mwanga ni ule ule, ila sensa inakata kipande cha katikati tu. Ndiyo maana watu husema zidisha kwa 1.6 kwa Canon, au 1.5 kwa Nikon na Sony. Lenzi ya 50 kwenye kamera hiyo inaona kama 80 ingeonavyo kwenye kamera ya filamu. Hiyo ya 300 inaona kama 480! Unampiga nani wa mbali hivyo, Misima? Bibi harusi amekaa hatua nne kutoka ulipo, na nyuma yako kuna ukuta.

Ukienda Saadani kupiga tembo, sawa, lenzi ndefu utaihitaji, na hata huko ningekwambia utafute 55-250 yenye kituliza mtikisiko. Hizo 75-300 za bei rahisi zinazozunguka madukani nyingi hazina. Bila hicho kituliza, ukivuta mpaka 300 unahitaji kasi ya shata ya kama 1/500 ili mkono usiharibu picha. Saa saba mchana utaipata. Saa moja usiku, chini ya taa moja ya nyumba, sahau.

Na hapa ndipo penyewe wadau. Shughuli zetu ni za ndani na za usiku. Wapiga picha wa Ulaya wanaoandika mashauri ya lenzi wana madirisha makubwa na kuta nyeupe. Sisi tuna sebule yenye dirisha moja lililofunikwa pazia, taa moja katikati, na watu arobaini. Halafu unaambiwa tumia flashi, igeuze juu igonge dari irudi laini. Dari ipi? Nyumba nyingi kule juu ni mabati na mbao zilizopigwa moshi. Mwanga unakwenda na haurudi.

Kwa hiyo namba ya kuangalia kwanza kwenye lenzi ni ile yenye herufi f. Hiyo ndiyo inayosema tundu la lenzi linafunguka kiasi gani. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya 18-55 aliyonayo binamu, ukiivuta mpaka 55 inaishia f/5.6. Lenzi ya 50 ya f/1.8 inaingiza mwanga mara tisa na zaidi ya hiyo. Mara tisa! Maana yake mahali ambapo lenzi ya kwanza inakulazimisha kupiga kwa 1/8 ya sekunde, hii ya pili inakupa kama 1/80. Kwa 1/8 hata mtu aliyekaa kimya anatoka na ukungu, sembuse shangazi anayecheza. Na kituliza mtikisiko hakisaidii hapo, kwa sababu kinatuliza mkono wako tu. Shangazi hakimtulizi.

Wengine watasema pandisha ISO. Unaweza. Lakini kamera za umri huu ukizipandisha sana zinaleta chenga, na chenga zinaanza kula sehemu zenye giza za picha. Sasa kwenye picha ya ndoa ya Misima sehemu zenye giza ni zipi? Ni sura zetu. Kanzu na shela vitatoka safi kabisa, bwana harusi atatoka kama kivuli chenye meno. Mimi hili linaniudhi kuliko vumbi. Ukipiga ngozi nyeusi usiipunje mwanga, na lenzi yenye tundu kubwa ndiyo njia rahisi ya kuipa haki yake.

Haya, 50 au nyingine? Hapa nilimpa mtihani badala ya jibu. Nikachukua kipande cha plasta ya kidonda nikabandika kwenye lenzi yake ya 18-55 ili isizunguke, imekaa kwenye 50. Nikamwambia shinda nayo hivyo leo, kesho tutaihamishia kwenye 24. Mtihani huu ni bure na unamfaa yeyote mwenye lenzi iliyokuja na kamera.

Siku ya 50 alikuwa anarudi nyuma mpaka akagonga kabati. Hesabu inaonyesha kwa nini: kwa sensa hiyo, ukisimama mita tatu kutoka kwa mtu, picha inachukua upana wa mita 1.3 hivi. Kumpata mtu mzima kutoka utosini mpaka viatu, hata ukigeuza kamera wima, unahitaji mita nne. Sebule ya mjomba haina mita nne. Siku ya 24 aliona raha, kila mtu aliingia, lakini akisogelea uso wa mtu pua inakua na mtu anaanza kujihami.

Canon walitoa lenzi ya 24 nyembamba kama chapati mwaka 2014, ni nzuri sana, ila tundu lake ni f/2.8. Ile 50 ya f/1.8 inaipita kwa mwanga zaidi ya mara mbili. Kama ningekuwa na kamera ya Nikon mbele yangu nisingefikiri mara mbili: wana 35 ya f/1.8 waliyoitoa mwaka 2009 kwa ajili ya sensa hizi ndogo, na 35 kwa 1.5 ni kama 52, karibu sawa na lenzi ya kawaida ya kamera za filamu. Sebuleni inatosha, usoni haiharibu. Lakini mwenye Nikon awe macho. Kamera zao za D3000 na D5000 na ndugu zake hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo ukiuziwa 50 ya zamani yenye herufi D utazungusha fokasi kwa mkono maisha yako yote. Tafuta iliyoandikwa AF-S.

Kilichoamua ni bibi.

Niseme kwanza jambo moja. Mjomba wetu mkubwa alifariki mwaka juzi. Wanawe walipotaka picha yake ya kuweka ukutani, iliyopatikana ni ile ya kitambulisho cha mpiga kura. Wakaipeleka studio ikakuzwa, na ikakuzwa, mpaka uso ukawa kama umemwagiwa mchanga. Ndiyo inayoning'inia pale mpaka leo. Mzee aliyekuwa anacheka mpaka anashika mbavu, ukutani amekaza sura kama anadaiwa.

Bibi naye hana picha. Ana ya kitambulisho. Kwa hiyo siku ya tatu tukamweka kwenye mkeka, ndani, mwanga ukitoka mlangoni ubavuni kwake. Binamu akapiga kwa lenzi yake, imevutwa mpaka mwisho, f/5.6. Bibi, ambaye ananiita mume wangu na hakosi neno, akaanza kumtania mjukuu kwamba anamlenga kama ndege wa kwenye mtama. Akicheka, picha inaharibika. Akitulia, ni kitambulisho kingine. Nikatoa 50 yangu kwenye begi nikamfungia. f/2.2, mita moja na nusu, kichwa na mabega. Picha ya nne au ya tano hivi ndiyo ilikuwa yeye: jicho moja limefumba kwa kicheko, mikunjo yote ipo, ukutani nyuma hakuonekani hata ile kalenda ya zamani.

Binamu akaitazama kwenye kioo cha kamera kwa muda. Akaniambia, "Kaka, ile ndefu basi."

Mohamed Amin, yule Mkenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alianza utotoni na Box Brownie ya mtumba, kamera ya boksi yenye lenzi moja isiyovuta chochote. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, unamfuata. Lenzi ya 50 inakurudisha kwenye tabia hiyo. Inakulazimisha uende karibu, uombe ruhusa, usalimie. Mwenye 300 anaweza kumpiga mtu bila kumwamkia, na kwa Wazigua hilo ni tusi.

Basi nikarudi Dar na pesa zake, nikaingia Kariakoo. Kampuni kubwa zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, kwa hiyo vitu vya hizi kamera za zamani vimejaa kwenye mtumba na bei inabembelezeka. Tulivutana na muuzaji mpaka laki mbili na elfu ishirini kwa 50 f/1.8 ya STM, ile iliyotoka mwaka 2015. Ipo ya kabla yake, ya mwaka 1990, ni rahisi zaidi na picha zake si mbaya, ila sehemu inayoshika kamera ni plastiki na fokasi inalia kama mbu. Kwenye nikahi, shehe akisoma, mbu hapana.

Kabla ya kutoa hela nilimulika lenzi kwa tochi ya simu kutokea nyuma. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona kitu kama utandu wa buibui au mizizi myembamba, hiyo ni kuvu, mrudishie mwenyewe na usirudi kesho. Kisha ivalishe kwenye kamera, piga picha kwa f/1.8 ukilenga maandishi madogo, piga tena kwa f/8, halafu sikiliza kama fokasi inasita. Muuzaji akikukataza kujaribu, jibu umeshapata.

Kwenye laki na elfu themanini iliyobaki, elfu hamsini zimekwenda kwenye betri ya pili na memori kadi. Zilizosalia nimemrudishia za mbolea. Lenzi nimeipeleka stendi na basi la asubuhi, imefungwa ndani ya kanga mbili, na maagizo nimemwandikia: picha za kundi zipigwe mchana nje kwa 18-55. Ndani, 50. Wawili wakikaa pamoja afunge mpaka f/2.8, la sivyo bwana atatoka vizuri na bibi harusi atatoka moshi. Na asibadilishe lenzi juu ya bodaboda, vumbi la Handeni linaingia hata kwenye yai.

Ndoa ya kwanza ni Jumamosi ijayo. Jana kanipigia kuuliza kama ni lazima avae suti.